Siku Uweso Alipouweka Mpira Chini

Sipendi mtu anayesimulia asichokiona. Siku hizi ukikaa baraza yoyote hapa Makorora, Tanga, utamsikia mtu na kanzu yake safi akisema, "Mimi nilikuwepo, nilisimama karibu na goli." Muongo! Karibu na goli nilisimama mimi, Semeni, na buibui langu, na jirani yangu pale alikuwa mbuzi wa watu aliyefungwa kamba. Basi nyamazeni niwaambie mimi, niliyezishona zile kaptula.

Mwalimu Mwinyijuma ndiye aliyetuletea balaa hilo. Alikwenda Uganda kusoma, akarudi na shahada mkononi na raga kichwani. Siku moja akaja kwenye cherehani yangu, akanionyesha mpira mrefu mithili ya papai.

"Huu umekaliwa na mtu," nikamwambia.

"Ndivyo ulivyo, Bi Semeni. Nataka unishonee timu nguo."

Wazee walikuwa wameshamkalia kooni. Mtoto wa Kiislamu kuonyesha mapaja mbele ya halaiki? Haiwezekani. Basi nikazishona kaptula zikavuka magoti, na kiunoni nikatia kamba nene ya katani, maana nilisikia mchezo wenyewe ni wa kushikana. Walipokwenda Moshi na nguo zile watu waliwacheka mpaka wakakaa chini. Jioni waliocheka walikuwa wameshafungwa, hakuna aliyeuliza habari za kaptula tena.

Kombe lilikuwa la shule za Tanganyika nzima, na la mtoano. Ukifungwa mara moja, funga virago. Wavulana wetu mwanzoni, kabla ya Moshi, hawakuwa na dalili ya kufika popote. Katika raga mpira hubebwa mkononi, na kumtupia mwenzako ni lazima umtupie aliye nyuma yako. Sasa hawa wetu, mtu akishaupata mpira haumtoki! Anaukumbatia, anakimbia nao peke yake, anaangushwa, basi. Mwalimu alipiga kelele mpaka sauti ikamkauka. Mwisho akawakalisha chini, nami nikiwa palepale nawapima viuno.

"Mmewahi kubeba jeneza?" akawauliza.

Wakatazamana. "Tumebeba, Mwalimu."

"Kuna mtu hulibeba peke yake toka nyumbani mpaka kaburini?"

"Hakuna."

"Unatia bega, unakwenda hatua chache, wa nyuma yako anakuja, unampa. Wewe unarudi nyuma, ukipata nguvu unakuja tena. Jeneza halisimami na hakuna anayechoka. Mpira ni hivyohivyo."

Mimi nikasema, "Astaghfirullah, Mwalimu, mchezo na maiti wapi na wapi!" Lakini watoto wa pwani wale walielewa papo hapo. Kesho yake nilikwenda kuwatazama, nikaona mpira unatembea mabegani mwa watu kumi na tano, huyu anatoa, yule anapokea. Nilipendezwa, siwezi kuwaficha. Nilipendezwa mpaka nikasahau maandazi yangu jikoni yakaungua.

Aliyewaongoza alikuwa Uweso, mtoto wa binamu yangu Zubeiri. Mimi ni shangazi yake. Kijana mwembamba, mpole, ukimpa salamu anaitikia akitazama chini. Ndani ya uwanja sasa, loh, humjui! Babake, huyo Zubeiri, alikuwa mwoka mikate. Hakuujua mchezo hata kidogo, ila alimnunulia mwanawe viatu vyake, na kila alasiri alifunga tanuri mapema akaenda kusimama ukingoni, unga bado uko ndevuni.

Zubeiri akafa masika ile. Alilala mzima, asubuhi hakuamka. Na mvua, jamani, mvua iliyonyesha siku ile! Makorora yote maji, barabara imekuwa mto wa tope, waliofika mazikoni ni wachache wa kuhesabika. Jeneza likatoka na watu wasiotosha hata kupokezana. Uweso alitia bega mbele, na hakuna aliyekuja kumpokea. Njia ni ndefu, miguu inazama, ubao unamchuna ngozi. Mara wakatokea manamba, wale vibarua wa mashamba ya mkonge, wanarudi kazini. Watu wa bara huko mbali, hawamjui Zubeiri wala mkate wake hawajaula. Wakaweka mapanga yao chini kwenye tope, wakaja kutia mabega, wakamfikisha marehemu kaburini, kisha wakaokota mapanga yao wakenda zao. Hata majina hatukuwauliza. Wifi yangu Mwanamkasi, mjane, kila akiswali lazima awaombee watu wale.

Mwanamkasi akaingia edani. Mnajua eda: mjane hatoki nje, havai rangi, haonani na mwanamume anayeweza kumuoa. Nyumba yao ina dirisha moja upande wa barazani, tukalitundikia pazia. Na barazani hapo, baada ya juma zima, akaja kukaa Abdulwakil.

Abdulwakil ni nduguye Zubeiri kwa baba, amezaliwa Pemba na mashamba yake ya mikarafuu yako huko. Habari za msiba zilimchelewa, na chombo nacho kikamchelewa. Alipofika, udongo wa kaburi ulikuwa umeshakauka. Alikwenda akasimama pale makaburini peke yake mpaka magharibi. Mimi kwake ni binamu, na binamu ni mtani, kwa hiyo nilimzoea. Nilimwambia, "Wapemba nyie hata kwenye maiti mnakuja kwa mwaliko?" Siku nyingine angenirudishia tusi tamu zaidi. Siku ile aliinamisha kichwa tu, nikajuta.

Lakini ukali wake ulirudi, na ulimrudia juu ya Uweso. Alimuona anarudi jioni na tope, na lile papai kwapani, akawaka. Kwa kuwa hawezi kumuona shemeji yake, akazungumza na pazia, nami nimekaa katikati na cherehani yangu.

"Semeni, mwambie wifi yako, mtoto huyu kaachiwa. Baba hajamaliza arubaini, yeye anakwenda kugaragara katika mchezo wa Wazungu. Kesho atasahau kuswali, keshokutwa atasahau na sisi. Namchukua Pemba, akachume karafuu na wenzake, awe mtu."

Mwanamkasi akajibu nyuma ya pazia, taratibu, "Mwambie shemeji yangu, babake alitaka amalize shule. Nami ndilo ninalolitaka. Sina jingine duniani."

"Shule au mchezo?"

"Mwambie vyote viwili babake alivipenda."

Nikaona maneno yanakwenda pabaya, nikadakia, kidomo changu hiki: "Huyo unayemwita mgaragaraji atachukua kombe la Tanganyika nzima, binamu! Wewe kaa na karafuu zako."

Abdulwakil akasimama. "Haya! Wallahi, billahi, tallahi, akilichukua kombe hilo simgusi, atasoma mpaka ashibe na gharama juu yangu. Akifungwa, siku ya pili yake tunapanda chombo pamoja."

"Usiape, binamu," nikamwambia. "Kiapo ukikivunja kina kafara, utakuja kulisha maskini kumi bure."

"Sikivunji," akasema, akavaa kofia yake akaondoka.

Nilitaka kujing'ata ulimi. Baadaye nikamsikia wifi yangu nyuma ya pazia analia pole pole, asisikike na majirani. Alikuwa amebakiwa na mtoto mmoja tu, na mimi kwa domo langu nimemtia kwenye mchezo wa kufungwa mara moja tu.

Basi ikawa kila wakicheza ni roho mkononi. Wakawatoa wa Dodoma. Wakawatoa wa Tabora, watoto wenye vifua kama milango ya msikiti. Mwanamkasi hakuweza kutoka, akanituma mimi. "Nenda kanitazamie, wifi. Usinipunguzie wala usiniongezee." Nami nikajifunza raga kwa ajili yake. Nikirudi nakaa mkekani, napanga kokwa za embe: huyu Uweso, huyu Safari mwana wa Elizabeti wa Muheza, huyu refa. Nazisogeza, naye anazitazama hapepesi. Mwisho alizijua zile kokwa kuliko mimi. Ataniuliza, "Safari alikuwa wapi hapo? Mbona hakumfuata mwenzake?" Kha! Mwanamke wa edani ananisahihisha raga!

Kura ya fainali ikaangukia Tanga. Wapinzani wakaja kwa treni kutoka nyanda za juu, vijana warefu, wazito, wenye adabu, wanaamkia kila mkubwa wanayempita. Asubuhi ile Uweso aliingia kwa mamake kuchukua radhi. Nilikuwepo. Mamake alimshika bega lile lililochunika masika, lina kovu mpaka leo, akamwambia, "Mwanangu, shinda." Neno moja tu. Hajawahi kumwambia hivyo kabla. Siku zote alikuwa akisema "cheza salama."

Uwanja wenyewe uko kando ya njia ya makaburini. Watu walijaa mpaka juu ya miembe. Abdulwakil alikuja, kanzu na koti, akasimama upande wa pili wa uwanja, mikono nyuma, hata tabasamu hana. Nikampungia kumchokoza, akageuza uso.

Nikuambieni nini juu ya mchezo ule? Wale wageni walikuwa wazito. Wakisukumana pamoja, sisi tunarudi nyuma. Mpira ukishafika mikononi mwetu, wao hawana mbio za kutufuata. Uweso alikuwa kila mahali. Anaanguka, anainuka, anampa mwenzake, anarudi nyuma yake kupokea tena. Kuna jitu moja lao lilimkamata kwa kaptula, likavuta, likavuta, kamba yangu ya katani haikukatika! Nikapiga kigelegele mpaka yule mbuzi akaruka. Watu wakanigeukia, mwanamke wa makamo na buibui. Nao wanitazame, kwani nimeiba?

Jua likaanza kulegea. Walikuwa wametuzidi kidogo, kidogo sana, ila muda ulikuwa umekwisha, inangojwa mpira utoke nje tu, na refa, Mzungu mmoja mwekundu kwa jua, alikuwa ameshaanza kutazama saa yake. Tukiuweka mpira nyuma ya mstari wao mara moja tu, kombe letu. Hapo ndipo Safari alipoupata, akampa wa nyuma, wa nyuma akampa wa nyuma yake, naye akampa Uweso, na mbele ya Uweso hakuna mtu. Hakuna! Nyasi tupu mpaka mstarini, na mimi nimesimama mwisho wake. Alikuwa anakuja kwangu mimi. Niliona meno yake. Nikaanza kulia kabla hajafika, nikasema, wifi, mwanao huyo, mwanao huyo.

Mara nikasikia nyuma yangu, njiani, sauti za watu wachache: "La ilaha illallah."

Nikageuka. Jeneza. Watu wanne wamelibeba na wa tano yuko mbele akiongoza dhikri, basi. Nguo zao za manamba, zimeparara kwa utomvu wa mkonge. Wa nyuma mmoja alikuwa mzee, anachechemea, bega limemlemea, na hakuna wa kumpokea.

Waliokaa miembeni wakaanza kuteremka. Waliokaa chini wakasimama, ndiyo desturi yetu. Nami nikajisemea, yeye hajaona, amalize, hatua chache tu, amalize!

Uweso alikuwa ameona. Akapunguza mbio. Akasimama, mstari uko karibu naye hivi, ningeweza kumshika mkono. Akainama, akauweka mpira chini kabla ya mstari, kwenye nyasi, akanipita mimi bila kunitazama, akaenda moja kwa moja chini ya ubao wa yule mzee, akatia bega.

"Uweso!" nikapiga ukelele. "Mpumbavu wee! Rudi!" Naungama, nilimwita mpumbavu mbele ya maiti. Ningekuwa na kiatu cha kisigino ningemrushia.

Hakurudi. Na wenzake je? Wakamfuata! Kwanza wawili, halafu watano, halafu wote na kaptula zao za chini ya magoti, hata Safari, Mkristo wa watu, akavuka njia akaenda kupokea bega la mbele. Nyuma yetu mchezaji mmoja wa wageni aliuokota mpira pale ulipowekwa, akautazama, akawatazama wenzake. Refa hakupiga filimbi. Yule kijana akaupiga teke la mbali, nje ya uwanja, kama inavyoruhusiwa, na hapo filimbi ikalia. Mchezo umekwisha. Kombe lao.

Hawakushangilia. Kiongozi wao alikimbia mpaka njiani akamuuliza Uweso kwa Kiswahili cha bara, "Pole ndugu, ni nani wako?"

"Simjui," Uweso akasema. "Nimeona wako wanne tu."

Kiongozi huyo akavua kofia yake ya kukinga masikio akasimama kando, jeneza likapita.

Sasa nikamtafuta Abdulwakil, nikitaka nimtukane kabla hajafurahi. Hakuwa mahali pake. Nikatupa macho njiani, nikaiona kanzu na koti katikati ya vijana wenye tope. Alikuwa chini ya jeneza, bega kwa bega na Uweso, analia kwa sauti na hajifichi. Mtu aliyekosa kumbeba nduguye, leo anambeba manamba asiyemjua. Nilifunika uso kwa buibui langu. Domo langu lote likaniishia.

Nilirudi kwa wifi yangu nimechoka hoi. Nikakaa mkekani. Yeye alikuwa ameshazipanga kokwa, ananingoja.

"Usinipunguzie," akasema.

Nikamwambia yote. Nikazisogeza kokwa, na nilipofika pale, ya Uweso nikaitoa mkekani nikaiweka sakafuni. "Ameuacha mpira, wifi. Mstari ule pale, akauacha. Ameshindwa, na kesho atachukuliwa."

Nilidhani atazirai. Kisha akauliza, "Yule mzee wa nyuma, alimpokea akafika naye mpaka kaburini?"

"Amefika naye."

"Alhamdulillahi," akasema, na machozi yanamwagika juu ya nguo yake nyeupe. "Alhamdulillahi. Basi na aende Pemba. Waliombeba babake nimekuwa nikiwaombea tu. Mwanangu kawalipa."

Magharibi ikaingia. Uweso alirudi, akajikunja mlangoni, mamake akamfuta tope kwa upindo wa nguo yake nyeupe. Ndipo tukasikia viatu barazani. Abdulwakil akakohoa, kama kawaida yake akiwa na neno. Nikatoka. Bega la koti lake lilikuwa na mchanga wa kaburini, hakuupangusa.

"Umekuja kumchukua?" nikamuuliza. "Sanduku lake dogo, halitakuchelewesha."

"Semeni," akasema, "leo sina utani." Akakaa. Akalitazama pazia, akaliinamia kichwa kama mtu anayemuona aliye nyuma yake. "Niliapa kwa Mungu mara tatu, nawe ulinisikia."

"Nilikusikia."

"Basi kesho nipikie chakula. Cha maskini kumi, washibe. Nyama juu yangu."

Nikageuka kumtazama Uweso pale mlangoni: alikuwa bado hajaelewa, ametutumbulia macho, huyu na yule. Nyuma ya pazia mamake alikuwa ameelewa. Nilisikia anavuta pumzi, kisha kikapu kinaburutwa sakafuni.

"Wifi," akasema, "mwambie shemeji yangu mchele asinunue. Mchele ninao."